Pole Kumi na Mbili

Nchi ya Tele haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta. Na kama atamwona humu mtu anayemfahamu, basi ni sura tu zimefanana, amsalimie kimoyomoyo na kuendelea kusoma.

Tele ilitawaliwa na Mzazi wa Taifa. Siku moja Mzazi aliamka akiwa amelala vizuri, akaenda uwanja wa mpira na kutangaza kwamba tangu siku hiyo kila Mtele atatibiwa, tajiri na maskini, kuanzia utosini hadi kwenye kisigino. Watu walipiga makofi hadi viganja vikavimba, na viganja hivyo vikawa ugonjwa wa kwanza kuandikishwa katika mpango huo.

Jumatatu yake Baraza la Mawaziri likakaa kujibu swali ambalo uwanjani halikuulizika: nani atalipa?

Katibu mmoja, mtu mgeni kazini, alisema kwamba mafuta ya magari ya mawaziri ya mwezi mmoja yanatosha kutibu mkoa mzima. Walimsikiliza kwa adabu. Kesho yake akahamishiwa kisiwani kuhesabu ndege wanaohama.

Ndipo akasimama Waziri wa Afya na Huruma, Mheshimiwa Dakta Fahari Mbonde. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, na heshima yenyewe ilitoka chuo cha uvuvi. Asubuhi ile alikuwa amejikwaa kizingitini, na watu kumi na mmoja, akiwemo mfagiaji, walikuwa wamemwambia pole.

"Waheshimiwa," alisema, "wananchi wetu wana huruma nyingi kupita kiasi, na yote inapotea hewani. Mtu akijikwaa sokoni, watu ishirini wasiomjua baba wala mama wanampa pole. Pole hizo zinakwenda wapi? Nani anazikusanya?"

Mawaziri wakatazamana kwa macho ya watu waliokuwa wanaelekea kulipa, wakaponea mlangoni.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Mshikamano. Atakayempa mgonjwa pole amekiri kwa kinywa chake kuwa ugonjwa ule unamhusu, na unayemhusu achangie: kila pole moja, mshahara wa siku tatu wa aliyeitamka. Homa ilitibiwa kwa pole mbili, mguu uliovunjika kwa pole saba, upasuaji wa nyonga kwa pole kumi na mbili. Pole zikizidi zilihamia kitanda cha jirani. Mgonjwa aliyepungukiwa hakufukuzwa, la, Tele si nchi ya kikatili. Alipewa kitanda, shuka, na kipeperushi chenye picha za rangi kuhusu faida za kuwa na afya njema.

Kifungu cha tisa ndicho kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Ugonjwa wa kiongozi ni ugonjwa wa taifa, na pole yake hutolewa na redio, kwa niaba ya wananchi wote, kila baada ya saa moja. Wananchi wote walichangia pole hizo kupitia bei ya chumvi, kwa kuwa chumvi ndiyo kitu pekee ambacho kila mtu alikuwa bado anakimudu.

*

Katika Hospitali Kuu ya Tele, Wodi Namba Nne, alikaa Siwema binti Majaliwani, Msikilizaji wa Pole Daraja la Tatu. Alikuwa na kiti, daftari, kalamu ya wino usiofutika, na masikio mawili yaliyopimwa na serikali. Kazi yake ilikuwa kusikia nani amempa nani pole, na kuandika. Alifundishwa wiki tatu kutofautisha pole na kikohozi. Yeye mwenyewe alikatazwa kabisa kuitamka, kwani msikilizaji anayetoa pole ni sawa na mwamuzi anayefunga goli.

Siwema hakuipenda kazi hiyo, lakini aliifanya vizuri, na hilo ndilo lililomuuma.

Jambo lililomfundisha kazi lilitokea wiki ya kwanza tu. Fundi mmoja alikuja kuziba ufa wa ukuta, kibarua wake kamfuata na mfuko wa saruji mabegani. Fundi akamwambia kibarua, "Pole pole, usije ukaangukia vitanda." Siwema hakuandika. Mkaguzi wa Masikio, Bwana Utulivu, aliyekuwa akipita, akasimama.

"Dada, hukusikia?"

"Nimesikia, bosi. Lakini alimwambia kibarua aende bila haraka."

"Alisema nini?"

"Pole pole."

"Ngapi hizo?"

"Mbili."

"Sikio la serikali halisikii nia, linasikia neno. Andika mbili, mpe mgonjwa wa karibu."

Fundi alilipa mshahara wa siku sita kwa ajili ya tezi la mtu asiyemjua, na ufa wa ukuta ukabaki kama ulivyo.

Habari zikaenea mji mzima kabla ya magharibi. Tangu siku hiyo hakuna Mtele aliyesema pole pole. Walisema taratibu. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa aliambiwa, "Joto hili." Mzee aliyevunjika mkono aliambiwa, "Naona una bandeji." Waraka Namba Kumi na Nne ulipotoka, ukasema kumshika mgonjwa mkono zaidi ya sekunde tano ni nusu pole, watu wakaanza kuwasalimia wagonjwa kwa nyusi. Wageni waliofika Tele waliandika makwao kwamba Watele ni watu wakavu. Hawakujua ni watu waliofilisika.

*

Jumatatu moja mama yake Siwema, Bi Nyamvula, aliteleza kwenye ganda la embe sokoni, beseni lake la vitumbua likaruka, na yeye akaanguka kwa ubavu. Watu arobaini waliona. Wote arobaini wakaanza kutazama bei ya nyanya.

Hatimaye muuza vitunguu mmoja akamsogelea. "Bibi, umeanguka?"

"Hapana," Bi Nyamvula akamjibu kutoka chini. "Nimekuja kuangalia nchi ikoje ukiitazama kwa huku."

"Ikoje?"

"Viatu vyenu vimeisha soli. Niinueni basi, kuinua hakujatozwa bado."

Wakamwinua. Kuinua kulikuwa bure kweli, na wakambeba hadi hospitalini kilomita mbili bila mtu kufungua kinywa, midomo imebanwa kama ya watu waliobeba jeneza la mwizi.

Alilazwa Wodi Namba Nne, kitanda cha tatu kutoka kwenye kiti cha mwanawe. Daktari Masalu, mwanamume mwembamba aliyekuwa akinywa chai ya baridi tangu sheria ile ipite, alimpima kisha akamvuta Siwema pembeni.

"Nyonga imevunjika. Naweza kuitengeneza vizuri kabisa, atatembea. Lakini ikifika Ijumaa haijaguswa, huyu hatasimama tena, atauza vitumbua akiwa amelala."

"Tengeneza basi, dokta."

"Ana pole ngapi?"

Siwema hakuhitaji kufungua daftari. "Hana."

"Bila kumi na mbili stoo hawanipi hata pamba, dada yangu. Kisu kimefungiwa kwenye kabati na ufunguo uko kwa mhasibu." Akafumba mdomo ghafla. Siwema aliona neno lilivyomfika daktari kwenye meno, likageuzwa, likarudishwa tumboni. "Joto hili," Daktari Masalu akasema, akaondoka.

Jumanne akaja Bi Fidea, shoga wa Bi Nyamvula tangu wangali wasichana wa kusukana nywele. Alileta papai. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akalishika lile papai kwa mikono yote miwili.

"Limeiva," akasema.

"Naona limeiva," Bi Nyamvula akajibu.

"Limeiva sana, mwenzangu." Machozi yakaanza kumtiririka. "Sijawahi kuona papai lililoiva hivi."

"Fidea, nyamaza. Unadaiwa ngapi?"

"Sita. Za mume wangu, Mungu amrehemu, nazilipa mpaka mwakani. Za homa ya mjukuu mbili, hizo nilizitoa usingizini, msikilizaji alikuwa kapanga chumba cha pili."

"Basi na hii ya saba usiilete hapa. Nenda nyumbani."

Bi Fidea akamshika mkono. Siwema kule kitini akaanza kuhesabu bila kupenda: moja, mbili, tatu, nne. Bi Fidea, aliyezoea, akauachia kwenye nne na nusu.

Jioni ile Siwema alimwambia mama yake: "Nitaitoa mimi."

"Utatoa moja, watakufukuza, na zitabaki kumi na moja. Hesabu hiyo nani alikufundisha?"

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Uniambie yule fundi wa saruji aliandikiwa ngapi vile."

"Mbili. Kwa pole pole moja."

"Hata kama nia yake ilikuwa nyingine?"

"Sikio la serikali halisikii nia."

Bi Nyamvula akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

*

Alhamisi ulipokelewa waraka kwamba kesho yake Mheshimiwa Dakta Fahari Mbonde atafungua Ukumbi wa Huruma, chumba kipya mwishoni mwa Wodi Namba Nne, ambamo daftari la pole litatunzwa ndani ya kabati la kioo. Mheshimiwa alikuwa ametoka ng'ambo siku ileile. Alikuwa huko wiki sita kutibiwa jongo la kidole gumba cha mguu wa kulia, akisindikizwa na watu kumi na wanne, mmoja kwa kila kidole na wanne wa akiba. Redio ilimpa pole mara elfu moja na nane. Chumvi ilikuwa imepanda mpaka watu wakaanza kula mboga kwa kumbukumbu.

Hospitali ikasafishwa. Vigae vikapigwa sabuni mpaka vikang'aa kama kipara. Bwana Utulivu akapita vitandani na orodha: wagonjwa waliopungukiwa pole watatolewa kwa mlango wa nyuma kabla ya kamera kuingia, maana wanaharibu taswira.

Bi Nyamvula alimwita Bwana Ndaro, msukuma machela, mwenye mvi na shati lisilo na kola.

"Ndaro, hiyo machela yako mbona inalia?"

"Gurudumu la mbele bovu, mama. Linavuta kushoto. Nimeandika barua tatu."

"Linavuta sana?"

"Ukiliachia linakwenda lenyewe."

"Vizuri. Kesho utanitoa wewe. Na utachelewa kidogo."

Kisha akamgeukia binti yake. "Huyu Waziri amewahi kulazwa hapa?"

"Mama, yeye hulazwa ng'ambo."

"Sokoni je?"

"Hupita na gari, vioo vimefungwa."

"Basi hajui kama siku hizi watu tunasema taratibu." Akajifunika shuka mpaka kidevuni. "Wewe kesho kaa na kalamu yako. Kazi yako ni kusikia."

*

Ijumaa saa nne asubuhi Mheshimiwa aliingia. Mguu wa kushoto ulikuwa na kiatu cheusi, wa kulia na ndara ya mahameli, kidole gumba kimefungwa bandeji nyeupe iliyokunjwa kama kilemba. Nyuma yake alifuata Mkuu wa Wilaya, Mganga Mkuu, walinzi wanne, Bwana Utulivu, na Kwaya ya Wizara yenye sare za kijani.

Hotuba aliitolea palepale katikati ya wodi.

"Ndugu wananchi, wapo wanaouliza nani analipa. Huruma ndiyo inayolipa. Daftari hili," akamnyooshea Siwema kidole, "halijui cheo. Halifutiki. Likishaandikwa, limeandikwa. Hata mimi Waziri siwezi kulifuta, na nikijaribu, mnishtaki."

Kwaya ikapiga makofi yaliyopangwa. Hapo ndipo mlio wa gurudumu ukasikika. Bwana Ndaro alikuwa amechelewa, kama alivyoagizwa, na sasa alikuwa akiisukuma machela ya Bi Nyamvula kuelekea mlango wa nyuma, akipita mkono wa kulia wa msafara. Alipofika usawa wa Mheshimiwa alisimama kuinama kwa heshima, akaachia mikono.

Machela ikakata kushoto. Ilikwenda yenyewe juu ya vigae vya sabuni, bila haraka, moja kwa moja kwenye kilemba cheupe.

"Pole pole," Mheshimiwa akasema.

Siwema akaandika mbili.

"Pole pole, wewe mzee, pole pole." Mheshimiwa alikuwa akirudi nyuma kwa mguu mmoja. Siwema akaandika nne, zikawa sita. Mkono wake ulikuwa haujawahi kuandika kitu kwa furaha, na ulikuwa ukijifunza.

Bwana Utulivu alikuwa ameelewa. Alifungua kinywa kumwonya Mheshimiwa, lakini angemwonya kwa neno gani? Mbele ya waziri hakuna mkaguzi wa kusema nyamaza.

"Pole pole na kidole changu, pole pole, nimesema pole pole."

Sita nyingine. Kumi na mbili.

Ingeishia hapo kama Tele ingekuwa nchi nyingine. Lakini huko mkubwa akisema neno, walio nyuma yake hulirudia ili waonekane wamelisikia. Mkuu wa Wilaya akasema pole pole. Mganga Mkuu akasema pole pole, pole pole. Walinzi wanne wakaisema kwa pamoja huku wameshika machela. Na Kwaya ya Wizara, iliyokuwa ikingoja ishara, ikadhani hicho ndicho kiitikio, ikaimba pole pole kwa sauti nne, ikairudia, na ikamalizia kwa besi.

Machela iliposimama, inchi moja kutoka kwenye bandeji, daftari lilikuwa na pole mia moja na nane.

"Ahsanteni," Bi Nyamvula akasema kutoka juu ya machela. "Mmenihurumia kuliko watoto wangu."

Mwandishi mmoja wa gazeti akacheka, akageuza kuwa kikohozi.

"Futa," Mheshimiwa akamwambia Siwema.

"Halifutiki, Mheshimiwa."

"Nilikuwa namwambia asinikanyage."

"Sikio la serikali halisikii nia, Mheshimiwa. Linasikia neno." Akamgeukia mkaguzi. "Au nimekosea, bosi?"

Bwana Utulivu alitazama kamera, akatazama kidole, akatazama dari. Kisha akapiga muhuri, kwa sababu hakuna jambo lingine alilowahi kufanya maishani.

Muhuri ulikuwa haujakauka Daktari Masalu alipoikamata machela mwenyewe. "Taratibu, dokta," Bwana Ndaro akamwambia. "Taratibu kitu gani," daktari akajibu, anakimbia. "Kimbia, Ndaro, hawajabadilisha sheria bado."

*

Walibadilisha saa saba mchana, nyonga ikiwa tayari imeungwa, na pole tisini na sita zilizobaki zimeshahamia kitanda hadi kitanda mpaka mwisho wa wodi.

Redio ilitangaza kwamba pole za Mheshimiwa, za msafara wake na za kwaya zilitolewa kwa niaba ya wananchi wote, na kwa hiyo zitalipwa na wananchi wote. Kwenye chumvi. Watele wakashika vichwa, wakaenda madukani kutazama msiba. Wakakuta chumvi imepanda senti moja.

Hawakuamini. Kidole kimoja kilikuwa kimeipandisha mara tatu, na wodi nzima yenye nyonga, tezi na ini ilikuwa imeipandisha senti moja. Watu walisimama mbele ya kaunta wakikunja vidole, wakihesabu, wakirudia kuhesabu. Bi Fidea alikuja hospitalini na pakiti mkononi, akamwambia shoga yake, "Nimekulipia nyonga. Nimenunua chumvi jana." Akasema kwa sauti, mbele ya kila mtu, na hapakuwa na kifungu cha kumkamatia.

Serikali iliona hatari. Mwananchi anayehesabu ni mwananchi aliyeacha kushukuru. Wiki haikuisha, malipo ya chumvi yakaondolewa kwa wagonjwa wa kawaida na kubakizwa kwa vidole vya viongozi tu. Ikaongezwa pia ibara kwamba neno pole pole, likitamkwa na mtu wa ngazi ya mkurugenzi kwenda juu, si pole bali ni mwongozo.

Siwema alifukuzwa kwa kosa la kusikia kupita kiasi. Bwana Utulivu alimpokonya kalamu na akamtakia heri kwa nyusi.

*

Miezi mitatu baadaye mama na binti walikuwa wakitoka sokoni. Bi Nyamvula alikuwa na mkongojo, na beseni alikuwa amelibeba Siwema. Njia ilikuwa na kokoto. Bi Nyamvula akajikwaa, akayumba, akasimama kwenye mguu wake mwenyewe.

"Pole, mama," Siwema akasema.

Bi Nyamvula akageuka. "We mwana, una wazimu?"

"Nilikuwa sijawahi kukwambia."

"Pesa unayo?"

"Sina."

Nyuma ya kibanda cha mkaa akatokeza mtu mwenye kiti cha kukunja kwapani, kola imepigwa pasi, daftari jipya wazi. Msikilizaji wa Pole, Daraja la Tatu, Kitengo cha Barabarani. Alionekana hajalala vizuri.

"Samahani, dada," akasema kwa sauti ya chini. "Ilikuwa moja?"

Siwema akamtazama vizuri, akamwonea huruma, akakumbuka bei ya huruma. Akamshika mama yake mkono. Alihesabu mpaka tano, akapitiliza, akafika kumi, hakuuachia.

"Siwema binti Majaliwani," akamwambia. "Andika moja na nusu. Na mwandiko wako uwe mzuri, halifutiki hilo."